Sherehe za Dakika Kumi

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimesoma karatasi ya bima ya afya, mbele na nyuma, bila msaada wa mtu. Sijaelewa kitu. Lakini mama watoto kasoma mpaka sekondari na yeye hakuielewa, kwa hiyo tumelingana.

Sherehe namba thelathini na nne. Chumba cha sampuli, saa saba na dakika ishirini, mlango umefungwa kwa ndani. Chai, sukari vijiko vitatu (nyumbani ni kimoja, kwa amri). Mgeni rasmi: mimi. Waliohudhuria: mimi. Waliotoa udhuru: hakuna, maana hakualikwa mtu. Dakika kumi kamili, kisha nikarudi kukoroga.

Lazima ziwe kumi. Zikizidi watagonga. Na lazima niwe peke yangu. Mtu akijifunza kusoma na miaka arobaini na tisa kichwani, atamwambia nani? Ukisema umejua kusoma, umesema pia kwamba hukujua. Na mimi sikujua kwa karibu miaka yote ishirini na tano niliyokaa katika kiwanda hiki cha rangi, huku nikitia sahihi kila karatasi iliyoletwa mbele yangu. Sahihi yangu ni nzuri sana. Nilijifunza kuichora kama mtu anavyochora ua.

Wananiita Jicho. Wenzangu wanachanganya rangi kwa karatasi ya vipimo, mimi nachanganya kwa kutazama. Mteja analeta kipande cha kitambaa, namkorogea rangi ileile, anaondoka anatikisa kichwa. Wanasema ni kipaji. Sikatai. Ila kipaji hicho kilianza siku ya kwanza kazini, nilipopewa karatasi ya vipimo nikaikunja nikaitia mfukoni.

Kusoma nimefundishwa na kadi ya rangi. Ina rangi mia na ishirini, kila moja na jina lake chini, na majina yote nilikuwa nayo kichwani kwa mpangilio wake. Mwaka jana mwezi wa tatu nikakaa na kadi nikajiuliza: kama hii ni Krimu, hii Kijivu, na hii Kahawia, mbona zote zinaanza na kile kitu kinachorusha teke? Nikaikamata K. Baada ya hapo nyingine zikaanza kuja zenyewe, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani.

Jioni meneja kapita. Jumamosi ya tarehe 18 watanifanyia sherehe ya miaka ishirini na tano. Wateja wakubwa watakuja. Karani ataniandikia hotuba, mimi nitaisoma. Fupi tu, Mzee Jicho, akasema, ukurasa mmoja.

Ukurasa mmoja! Mbele ya watu! Kwa sauti! Sijawahi kusoma kwa sauti hata mbele ya ndoo.


Jumanne, 7 Mei

Balaa. Ile shule tuliyoiuzia rangi ya kuta za nje imepiga simu. Mvua ya wiki iliyopita imeosha ukuta. Si kubabuka, ni kuosha. Rangi imeteremka mpaka kwenye maua. Watoto wanaoegemea ukuta wanarudi makwao na migongo ya krimu, na wazazi wameanza kuja na mashati mkononi.

Dereva wetu wa mizigo, ambaye tunamwita Kipaza kwa sababu hajui kunong'ona, ndiye aliyekwenda kuona. Kaleta picha kwenye simu na kuzionyesha kiwanda kizima, na kila aliyeona kasema "duh" kisha kanitazama mimi. Krimu ile niliichanganya mwenyewe, Novemba mwaka juzi, shule ikaiweka mpaka ilipopaka mwezi uliopita. Tuliwaandikia dhamana ya miaka mitano.

Meneja hajasema neno tangu saa nne. Akifoka tunajua atachoka. Akinyamaza, kuna mtu atakosa kazi.


Alhamisi, 9 Mei

Majibu ya maabara yamekuja. Rangi yenyewe haina kosa. Kosa ni gundi.

Rangi bila gundi ni unga na maji tu. Gundi ndiyo inayoishika ukutani, na tunazo za aina mbili: ya ndani, kwa vyumba, na ya nje, inayostahimili mvua. Kwenye ukuta wa shule imekutwa ya ndani.

Macho yote yamehamia stoo. Mtunza stoo wetu ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, tunamwita Mama Stoo, na hata mumewe tunamwita Baba Stoo ingawa ni fundi saa. Kitabu chake kinasema siku ile yalitoka mapipa matatu ya gundi ya nje. Lakini hesabu ya mwisho wa mwaka ule ilikuta ya nje yamezidi matatu, ya ndani yamepungua matatu. Wakati ule meneja alimwambia jumla ni ileile, achana nayo. Mama Stoo hakuachana nayo. Alihesabu upya kila asubuhi kwa mwezi mzima. Leo hesabu hiyohiyo imekuwa ushahidi juu yake.

Saa nane kanijia kwenye mashine. Kaniuliza taratibu, kama anayeuliza njia.

"Jicho, siku ile mapipa uliyachukua mwenyewe, mimi nilikuwa getini napokea mzigo. Unakumbuka ulichukua yapi?"

Nikamwambia bila hata kuzima mashine: ya nje, dada, yale ya bluu.

Akanitazama. Halafu akasema, "Yote ni ya bluu."

Akaondoka. Mimi nikabaki na mwiko mkononi. Kwa miaka yote ya nje yalikuwa bluu na ya ndani meupe. Siku nyingine zote gundi hunitolea yeye, imeshamiminwa kwenye ndoo, na mapipa yenyewe siyatazami. Nilikuwa mdomo wazi kuuliza tangu lini, nikaufunga. Mtu anayeingia stoo kila wiki haulizi tangu lini.


Ijumaa, 10 Mei

Naandika haraka.

Saa ya mapumziko Mama Stoo kaitwa ofisini. Nikaingia stoo. Mapipa ya gundi safu mbili. Bluu, bluu, bluu. Ubavuni kila moja lina maandishi meupe, makubwa kabisa, kipofu angeyapapasa. NJE. NDANI. Na ukutani juu yake kuna karatasi iliyobandikwa kwa utepe wa gundi, imezeeka mpaka imefikia ile tunayoiita Krimu Nzito. Nimeipita mara ngapi? Mara themanini? Siku zote ilikuwa ni kitu kilichobandikwa, basi, kama kalenda ya mwaka uliopita.

Nikasimama. Nikaanza kushoto.

TAHADHARI. KUANZIA LEO MAPIPA YOTE YA GUNDI NI YA BLUU. MEUPE HAYATAKUJA TENA. KABLA YA KUCHUKUA, SOMA UBAVUNI.

Chini yake jina la Mama Stoo na tarehe: 19 Oktoba, mwaka juzi. Neno SOMA kalipigia mistari miwili.

Nimelisoma lote kwa mkupuo mmoja. Sikukwama, sikurudi nyuma, sikuweka kidole. Halijawahi kunitokea. Nikageuka kwenda kuchemsha maji ya chai — kweli kabisa, mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia — ndipo maana ya maneno ikanifikia.

Oktoba yeye anabandika. Novemba mimi naingia na mkokoteni, nachukua matatu ya bluu, napita getini namwambia nimechukua ya nje. Akaandika ya nje. Nani atabishana na Jicho juu ya rangi ya pipa?

Ni mimi. Ukuta wa shule ni mimi. Migongo ya watoto ni mimi.

Leo hakuna sherehe.


Jumapili, 12 Mei

Karani kanipa hotuba tangu juzi. Nimeisoma mara nane bafuni, bomba likiwa wazi. Mama watoto kagonga akauliza kama naoga au nauza maji.

Inaanza vizuri. Shukrani, shukrani, wageni waalikwa, shukrani. Katikati inasema: "Siri ya mafanikio yangu ni umakini." Hapo nakwama kila mara. Herufi nazijua zote.


Jumatatu, 13 Mei

Meneja kaniita ofisini saa tatu. Kanikaribisha kiti. Kiti cha pale huwa ni cha wateja, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

Akasema shule wanataka barua yenye jina la aliyekosea, la sivyo wanalipeleka gazetini. Wateja wakubwa wanakuja Jumamosi. Hawezi kuwa na sherehe huku na gazeti kule. Kwa hiyo jambo lifungwe wiki hii. Akasukuma karatasi na kalamu juu ya meza. Maelezo mafupi tu ya shahidi, akasema, weka sahihi hapo chini, urudi zako kazini.

Katika miaka yote ishirini na tano iliyopita, ningeshaiweka. Mkono ulikuwa umeinuka wenyewe. Lakini macho sasa hayatumwi, yanakwenda yenyewe. Yakadaka mstari wa tatu.

"Niliomba mapipa matatu ya gundi ya nje, na mtunza stoo akanipa mapipa matatu ya gundi ya ndani."

Akanipa. Hakunipa! Hakuwepo!

Nikaweka kalamu chini. Nikasema naomba nikaisome kwanza.

Meneja akacheka. Ni mtu mzuri akicheka, ana mwanya. "Mzee Jicho, wewe tangu lini unasoma?"

Nilihisi damu inashuka mpaka kwenye buti. Kumbe alikuwa anatania tu — kwamba huwa sina muda wa makaratasi, natia sahihi na kukimbilia ndoo zangu. Nikacheka na mimi. Nimecheka vibaya, kama mlango. Akasema chukua, uirudishe kabla ya Jumamosi.

Sasa ninayo hapa, ndani ya daftari hili. Nimetia sahihi likizo, mikopo, mikataba, sare, hata karatasi moja ya kuomba kuhamishwa ambayo sikuiomba na nikahamishwa. Vyote sikuvijua, na nililala usingizi. Hii ya kwanza ninayoijua ndiyo inayoninyima usingizi. Niliitafuta elimu mwenyewe, hakuna aliyenituma.


Jumanne, 14 Mei

Nimemwambia mama watoto.

Alikuwa anapiga pasi shati la Jumamosi. Nilipanga kuanza na mapipa, nikaanza na kusoma, kwa sababu mapipa hayaelezeki bila kusoma. Nikasema kuna jambo sijawahi kukuambia tangu tuoane. Akaiweka pasi wima. Nadhani alifikiri ni mwanamke.

Nilipomaliza akasema, "Hilo la kutojua? Nalijua tangu mwaka wa pili."

Akasimulia, na mimi nimesimama kama mshitakiwa. Siku moja kifungua mimba wetu alipandisha homa, akamkimbiza hospitali, akaniachia karatasi mezani kwamba wamelazwa wodi fulani. Alasiri akarudi mwenyewe kufuata nguo, akanikuta nimekaa nakunywa chai. Karatasi ile nimeifanya kisahani cha kikombe. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniambia kwa mdomo. Tangu siku hiyo hakuniachia karatasi tena. Barua zote za nyumba hii amekuwa akizisoma kwa sauti akijifanya anazilalamikia.

Nikauliza kwa nini hakusema. Akauliza ningejibu nini. Akaichukua pasi, akaendelea na kola.

Kisha akasema tangu mwaka jana ameona gazeti linakunjwa kwenye kurasa zisizo na picha. Na sukari kazini najiongezea, hilo pia analijua, kaambiwa na Kipaza. Akazima pasi kabisa. Akaja akanishika bega, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kama kiti kitamhimili.

"Hongera," akasema.

Mwaka na zaidi nimelisubiri neno hilo bila kujua kwamba nalisubiri. Limekuja siku ambayo sina pa kuliweka.

Kwa sababu baada yake nikamwambia ya mapipa. Akakaa kitandani. Akawa anakunja shati ambalo alikuwa amelipiga pasi sasa hivi. Kisha akasema, "Ukisimama kusema, utakuwa umesema mawili kwa pamoja. Kwamba umekosea na kwamba ulikuwa hujui. Hakuna atakayesikia la tatu, kwamba sasa unajua."

Nikauliza kwa hiyo ninyamaze? Akasema hakusema hivyo. Nikauliza kwa hiyo niseme? Akasema hivyo pia hakusema. Akasema shati limejikunja, litabidi alirudie.


Alhamisi, 16 Mei

Wameanza kupamba bohari kwa ajili yangu. Na nani kapangiwa kupamba? Mama Stoo! Kwa sababu ufunguo wa bohari anao yeye. Kiwanda hiki hakina aibu.

Nilimkuta juu ya ngazi anafunga vitambaa kwenye nguzo, bluu na nyeupe. Nikamshikia ngazi. Tungekaa kimya ingekuwa nafuu, lakini alikuwa na la kusema, na mtu akiwa juu ya ngazi anasema kwa uhuru, haoni uso wako.

Kasema barua yake ataipata Jumatatu, karani kamnong'oneza. Anaondolewa. Hajachukia kuondoka, kasema, miguu imechoka hata hivyo. Kinachomtafuna ni kwamba hakumbuki. Amejaribu kila namna kujiona siku ile anayapanga mapipa yale vibaya, hajioni. Lakini kama Jicho anasema alichukua ya nje, na ukutani imekutwa ya ndani, basi ni yeye aliyeyapanga ya ndani kwenye safu ya nje. Sasa anakwenda anakagua hata nyumbani. Juzi kafungua kopo la chumvi akaonja kuhakikisha.

Nikasema dada, huenda si wewe. Sauti yangu haikufika hata kwenye daraja la pili la ngazi.

Akaomba pini. Nikampa.

"Unajua, Jicho, miaka kumi na tisa hesabu yangu haijapishana ila kwa mapipa yale. Hakuna aliyewahi kunipongeza. Stoo ikiwa sawa haionekani, inaonekana ikiharibika. Nikajisemea nikifika ishirini nitajinunulia keki, nitafunga mlango wa stoo, nitakula mwenyewe na mapipa yangu."

Akacheka kidogo. Ilikuwa imebaki miezi mitano, akasema. Kisha akashuka, akarudi nyuma hatua tatu kutazama kazi yake, akaniuliza mimi mwenye jicho kama bluu ile na nyeupe ile zinaendana.

Nikamwambia zinaendana.

Nilikwenda chumba cha sampuli nikafunga mlango. Si kwa sherehe. Nilikuwa nahitaji tu dakika kumi za mahali ambapo mtu haniulizi rangi.

Nilidhani niko peke yangu kiwandani ninayejifungia kujipongeza. Kumbe kuna mwingine, mlango wa tatu kutoka kwangu, aliyekuwa anangoja mwaka wa ishirini.


Ijumaa, 17 Mei

Meneja kauliza karatasi. Nikasema bado naisoma. Hakucheka leo.

Kafunga mlango akasema waziwazi. Shule wanataka jina moja. Kama si wa stoo, basi ni wa kukoroga. Na kama ni wa kukoroga, hakuna sherehe, hakuna Jicho kwenye tangazo la biashara, na kiinua mgongo itabidi wakikalie kikao. "Mimi nakulinda wewe, mzee," akasema. Nadhani anaamini hivyo.

Kesho saa tano asubuhi, kabla sijapanda jukwaani, niwe nimeiweka mezani kwake.

Niliporudi nyumbani mama watoto hakuniuliza. Kaacha kitu mezani, karatasi, imekunjwa mara mbili. Ya kwanza tangu ile ya kikombe. Nikaifungua.

"Nimekwenda kwa dada yangu kuazima viatu vya kesho. Chakula kiko jikoni. Lolote utakaloamua nitakaa mstari wa mbele."

Nimeisoma nimesimama. Halafu nimeisoma nimekaa.


Jumamosi, 18 Mei

Chumba cha kubadilishia nguo. Saa tano kasoro kumi.

Bohari imejaa. Nimechungulia: viti vya kukodi, wateja wakubwa mbele na tai zao, wenzangu nyuma wamevaa nguo zinazowabana. Mama watoto yuko mstari wa mbele kama alivyoandika, na viatu si saizi yake, naona anavyoikunja miguu. Kipaza ndiye mshereheshaji. Amepewa kipaza sauti, kitu ambacho hakikuhitajika. Anawaambia wageni kwamba mimi naweza kuangalia machozi ya mtu nikamtengenezea rangi yake. Wanacheka.

Karatasi iko gotini. Sehemu ya sahihi bado nyeupe. Nimeigeuza, na nyuma yake nimeandika kwa mkono wangu. Nilianza saa kumi na moja alfajiri, nimemaliza saa moja. Barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika, na ni ya kwanza. Nainakili hapa, maana yenyewe sijui itaishia mkononi mwa nani:

"Mapipa niliyachukua mimi mwenyewe. Mtunza stoo hakuwepo. Alikuwa amebandika tangazo tusome ubavuni. Mimi nilikuwa sijui kusoma. Nilimwambia ni ya nje na yeye akaniamini. Hesabu yake haijapishana kwa miaka kumi na tisa. Kosa ni langu."

Hotuba ya karani ninayo mfuko wa kushoto. Hii iko hapa. Mkononi mwangu zote mbili zina uzito uleule, nimezipima.

Saa tano kasoro tano. Meneja kachungulia mlangoni, kaonyesha saa yake kwa kidole, kisha kaonyesha karatasi. Nikainua kalamu ili aone ninayo. Kaondoka ameridhika. Nikiisoma barua hii nikiwa kwenye jukwaa, wateja wote watasikia, yeye hatanisamehe. Nikimpa mezani kwake kimyakimya, ataitia droo, na Jumatatu barua itatoka kama ilivyopangwa. Nimeliwaza hili tangu alfajiri na halina njia ya tatu.

Mlango umefunguliwa tena. Ni Mama Stoo. Amevaa gauni la kijani, naliita Kijani cha Jani Bichi, limempendeza. Ana ua la kitambaa la kunibandika kifuani. Kasema nisimame. Nimesimama. Kanibandika, kanipiga kidogo begani kuondoa vumbi, kaniuliza mbona nimejificha huku, hotuba ya ukurasa mmoja tu.

Nimempa karatasi.

Sikupanga. Mkono umekwenda. Nilimpa upande wa nyuma ukiwa juu. Akasema hii ndiyo hotuba? Nikamwambia asome.

Ametoa miwani kwenye mkoba. Amekaa kwenye benchi, mimi upande huu, yeye upande ule, makoti ya kazi yananing'inia kati yetu. Naandika ili nisimtazame usoni. Nje Kipaza anaita jina langu, makofi yameanza, yanapungua, yanaanza tena. Miguu inakuja kwenye korido.

Yeye anasoma polepole. Midomo yake inatembea. Amefika chini.

Hajainua kichwa. Amerudi juu, anaanza upya, na safari hii ameweka kidole.